Nguva wa Ndiva ya Kwamghimbi

Nina miaka sitini na moja, nimestaafu ualimu, magego mawili sina, na mwaka jana nilipatwa na wazimu wa nguva. Sisemi yule mnyama wa baharini, mnene, mla majani, ambaye wavuvi wa pwani wanamjua. Nasema yule mwingine, mwanamke juu, samaki chini. Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili kwa masafa, na katika mada zote duniani nikachagua hiyo: jinsi watu wa nchi mbalimbali walivyomchora na kumsimulia nguva, tangu kale mpaka leo. Watoto wangu walidhani sukari imenipanda.

Hamjui raha yake! Nimekaa mezani kwangu Same mjini, upepo unarusha vumbi dirishani, bombani hakuna tone tangu Jumatatu, na mimi niko Shamu, Siria ya leo, na mungu wa kike mwenye mwili wa samaki, aliyeabudiwa kabla Yesu hajazaliwa. Saa moja baadaye niko Japani, ambako nguva ana mdomo wa nyani, lakini ukila nyama yake unaishi miaka mia nane. Wazungu walimchonga makanisani akiwa na kitana na kioo, kuwaonya waumini juu ya majivuno. Baharia mmoja wa zamani aliandika kwamba aliwaona watatu kwa macho yake, ila si wazuri kama wanavyochorwa. Hapo nilicheka peke yangu mpaka jirani akaja kuuliza kama nimepata mgeni.

Aliyenipendeza kuliko wote ni wa Afrika Magharibi. Kuna picha ya mwanamke mchezesha nyoka iliyochapishwa Ujerumani zaidi ya miaka mia iliyopita. Ikavuka bahari, watu wa pwani ile wakaitazama, wakasema huyu tunamfahamu, huyu ni yule wetu wa majini. Wakamchukua pamoja na nyoka wake, na mpaka leo yuko nao.

Sura nne zikapita, ya tano ikakwama. Msimamizi wangu, Dk. Nasrin, binti mwenye umri wa mwanangu wa tatu na sauti ya hakimu, alisema hapitishi tasnifu isiyo na kitu cha nyumbani.

"Mama Veneranda, umezunguka dunia nzima. Wapare wako wapi?"

Nilikuwa nimeshaongezewa muda mara mbili, na mara ya tatu haipo. Mwisho ni tarehe thelathini na moja Oktoba. Nisipopeleka sura ya tano nafutwa chuoni, na miaka mitatu ya kusoma kwa miwani iliyofungwa uzi imekwenda bure. Niliolewa kidato cha pili, nikarudi shule na mtoto mgongoni, nikafundisha darasa la kwanza miaka thelathini na mbili. Hii shahada nilikuwa naitaka kwa wivu, siwadanganyi.

Lakini Wapare na nguva wapi na wapi? Nilianzia Nyumba ya Mungu, kwenye bwawa, maana huko angalau kuna samaki. Wavuvi walinipokea vizuri sana. Mmoja alinisimulia nguva wa Ukerewe, mwingine wa Rufiji, mwingine wa Ziwa Nyasa, kila mtu wa kwao. Wa pale pale hakuna. Bwawa lenyewe nimelizidi umri. Nikarudi na perege wanne na daftari tupu.

Ikabaki milimani. Kwetu ni juu kabisa, saa mbili kwa bodaboda kutoka barabara kuu, mahali ambapo ukungu unaingia jikoni bila hodi. Mdogo wangu Yona bado analima pale maharage na mahindi, na maji anapata kwenye ndiva ya Kwamghimbi. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe ambalo mababu walilichimba juu ya mashamba. Usiku linajaa, asubuhi linafunguliwa, na maji yanashuka kwenye mifereji kwa zamu, familia hii Jumatatu, ile Jumanne. Ndani yake wamo vyura.

"Dada," Yona aliniambia, "sisi hata dagaa tunanunua. Huyo nguva wako huku atakula nini, makande?"

Mkewe, wifi yangu Lukia, ndiye aliyenionea huruma. Lukia ni mwanamke ambaye habari ikiingia kwake asubuhi, jioni imeshafika mlima wa pili. Aliwaita majirani jikoni, nikawatolea picha zangu tano nilizoziweka plastiki dukani Same, nikawasimulia habari za kila moja. Wakazishika, wakazipeana, wakacheka. Priska, jirani wa upande wa chini, aliuliza huyu akitaka kujisaidia inakuwaje. Tulicheka mpaka Lukia akamwaga chai, ikapenya kwenye picha ya Kizungu pale plastiki ilipoachia, ikamwachia yule nguva doa la kahawia kwenye shavu la kushoto. Mimi nilikasirika kidogo, halafu nikacheka tena. Kuhusu nguva wa kwetu, hakuna aliyekuwa na neno hata moja. Lukia akazipiga picha kwa simu yake, akasema atauliza uliza. Hiyo ilikuwa tarehe mbili Oktoba.

Tarehe kumi na nane simu ikalia.

"Wifi! Panda! Ameonekana!"

"Nani?"

"Si huyo mtu wako!"

Nilipanda bila kufunga mlango wa nyuma. Na huko, jamani, nilipokelewa na mavuno! Priska, yule yule, aliniambia kwamba alfajiri alipokwenda kuchota maji alimkuta mwanamke amekaa ukingoni mwa ndiva, anachana nywele, mkononi ana kioo. Mzee mmoja jirani alisema babu yake aliwahi kula kipande cha nyama ya kiumbe cha ndiva, ndiyo maana alikufa na miaka mia moja na minne. Tomaso, mkulima anayelima chini ya Yona, alikuwa na hasira kabisa. Siku ya zamu yake maji yalifika nusu, na alipopanda kuangalia akakuta nyoka amelala mlangoni mwa mfereji na huyo mwanamke amekaa juu yake anamtazama.

"Amekula zamu yangu, Mwalimu," Tomaso alisema. "Nikijua pa kumshtaki, namshtaki."

Nguva mwizi wa zamu! Katika vitabu vyote nilivyosoma, wa Shamu, wa Japani, wa Ulaya, hakuna aliyewahi kuiba zamu ya maji ya umwagiliaji. Huyu alikuwa wa kwetu kwa damu. Niliandika mpaka kalamu ikaisha wino. Nikapanda kwenye kilima kinachoshika mtandao, nikamtumia Dk. Nasrin kurasa nane kwa mpigo. Baada ya muda akajibu: "Mama Veneranda, hii ndiyo. Sura imesimama. Safisha lugha uniletee." Nilicheza pale kilimani peke yangu, na mbuzi wa watu wananitazama.

Jumatatu jioni, siku yangu ya nne pale, kabla giza halijaingia, nilikaa barazani kwa Yona nikasikiliza tena sauti nilizorekodi. Nilikuwa nanywa uji na kutabasamu kama bibi harusi. Nikamsikia Priska akisema yule mwanamke ana alama nyeusi kwenye shavu la kushoto. Vizuri. Nikamsikia yule mzee akisema babu yake alisimulia alama ya shavuni. Vizuri sana, ushahidi unakubaliana. Nikamsikia Tomaso: "Ana kitu shavuni, upande huu, kama kovu." Nikaweka uji chini. Nikafungua mkoba, nikatoa picha ya Kizungu, nikamtazama nguva wangu usoni, na doa la chai likanitazama.

Nilimwita Lukia.

"Wifi, ulipouliza uliza, ulisemaje?"

"Sikusema uongo," Lukia alijibu haraka. "Nilionyesha picha tu, nikasema Mwalimu Veneranda anamtafuta huyu."

"Anamtafuta?"

"Ndiyo. Na watu wakasema, mwalimu mzima, msomi, hawezi kutafuta kitu ambacho hakipo."

Kwa hiyo nilikuwa nimempandisha mlimani mwenyewe, kwenye mkoba. Nilimleta tarehe mbili, nikamkuta tarehe kumi na nane, nikamshangilia kana kwamba sijawahi kumwona. Nilicheka, nikataka kulia, nikacheka tena. Halafu nikawaza jambo la aibu: nani atajua? Doa la chai nalijua mimi. Msimamizi ameshakubali. Niliweka picha mkobani nikaenda kulala.

Kesho yake, Jumanne, ilikuwa msaragambo. Kwetu Upareni pembe ikipigwa ya msaragambo, kila kaya inatoa mtu na jembe lake kwa kazi ya wote, iwe barabara, iwe shule, iwe ndiva. Inapangwa katikati ya wiki, kwa sababu Jumamosi ni ya Wasabato na Jumapili ni ya Walutheri, na hakuna anayekubali kuchafuka siku ya mwenzake. Asiyefika anaandikwa na kupigwa adhabu. Safari hii kazi ilikuwa kutoa tope la ndiva kabla mvua za vuli hazijaanza. Pembe ililia saa moja asubuhi. Ikalia saa moja na nusu. Saa mbili, tulikuwa wanne: Yona na jembe, Lukia na sufuria ya uji, mimi na mkoba, na Rogers, katibu wa ndiva, niliyemfundisha kuandika jina lake.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Watu wako wapi?"

"Wanasema hawaingii kwenye nyumba ya mtu," Rogers alisema, na alikuwa hana hata punje ya utani. "Maji nimeshayafungua yakaisha. Angalia lile tope, linafika kiunoni. Mvua zikitukuta hivi, ndiva itabeba nusu. Maharage ya huku yote yatakufa Januari, ya kwangu, ya Yona, ya wote. Kwa ajili ya mwanamke mwenye kioo!"

 Yona aliangalia tu chini, kwenye mashamba, na akinyamaza mimi naumia, kwa sababu tangu utoto ni mtu wa kusema.

Nilikwenda nyuma ya mgomba nikasimama. Nawaambieni ukweli wangu wote. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na sura ya tano ilikuwa mkononi. Nikisema, siku zilizobaki ni tisa, na sina kitu. Nilijiona nimevaa joho, nikawaona wanangu wakipiga picha, nikamwona marehemu mume wangu aliyesema kidato cha pili kinatosha. Nilijiona pia niko kwa mdogo wangu, nikila maharage ya kununua dukani. Nilisimama pale kama dakika kumi, na sijawahi kujidharau kama zile dakika kumi. Ndipo nilipoona kwamba mgomba wa pili una miguu, na wa tatu una kitenge. Kijiji kizima kilikuwa kimejificha migombani, kinachungulia ndiva ikikauka ili kimwone huyo mwanamke.

Nikapanda ukingoni, nikainua ile picha.

"Sikilizeni! Huyu nguva ni wangu! Nimekuja naye kutoka Same! Nilimtoa kitabuni, na hii alama ya shavuni ni chai ya Lukia!"

 Vyura wakaitikia. Halafu sauti ya Priska ikatoka migombani:

"Nguva ameshamtisha Mwalimu! Amemwambia aseme hivyo!"

"Mwalimu, toka hapo ukingoni!" akapiga kelele mwingine.

Hasira zikanipanda. Miaka thelathini na mbili nimesimama mbele ya watoto wakorofi, nani asiyeniamini? Nikavua miwani, nikampa Lukia, nikashuka ndani ya ndiva.

Nilitaka kwenda mpaka katikati, nisimame, niwaulize: yuko wapi? Hatua ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili tope lilikula kandambili ya kulia, ya tatu likala ya kushoto, ya nne nikakaa. Nilipojaribu kuinuka, sketi yangu ndefu ilikuwa imelowa na kunizonga miguu yote miwili kwa pamoja, haiachani, haikunjuki, inateleza tu. Kitambaa cha kichwa kilishaondoka. Sikuwa na la kufanya ila kujivuta kwa mikono kuelekea ukingoni, miguu ikinifuata nyuma kwa pamoja, nywele zimenimwagikia usoni, tope linameta juani.

 Kisha Tomaso akasema kutoka migombani, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa:

"Huyo hapo."

Wa kwanza kucheka alikuwa Yona. Kicheko cha Yona nilikuwa sijakisikia tangu mama afariki. Kinaanzia tumboni na hakina breki. Akafuatia Lukia, akamwaga uji. Migomba yote ikaanza kucheka. Priska alitoka akiwa ameshika mbavu, akaja mpaka ukingoni kunipa mkono, nikamvuta, naye akaingia. Basi tena! Wakashuka wawili, wakashuka kumi, na majembe na machepe na makarai. Tulifanya mnyororo, makarai ya tope yakapita mkono kwa mkono mpaka nje. Wanawake walitunga wimbo kuhusu mtu mwenye shahada na sketi, maneno yake siyaandiki. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Sura ya tano ilikuwa imekufa na mimi nilikuwa naimba.

Saa nane mchana tukaona mawe ya chini. Rogers akapanda ukingoni na daftari lake, akaita majina, akaandika waliofika na wasiofika. Alipotaka kulifunga, Tomaso akanyoosha mkono.

"Katibu, naomba hoja. Kuna mmoja hujamwita."

"Nani?"

"Nguva. Anatumia ndiva. Zamu yangu amekula. Leo hakutoa hata karai moja."

Wapare tunataniwa nchi nzima kwa kupenda kesi, na siku hiyo niliona kwa nini. Walijadili saa nzima, na tope likiwakaukia mwilini. Yona alisema mtu asiyekuwepo haadhibiwi. Tomaso akauliza, kama hayupo, maji yake yalikwenda wapi? Priska akasema Mwalimu ameshakiri kwamba ni picha tu. Yule mzee jirani akajibu kwamba Mwalimu alikiri kumleta, hakukiri kumwondoa. Hapo watu walipiga makofi. Rogers akaitisha mikono, akahesabu, akaandika kwa ule mwandiko niliomfundisha mwenyewe: Nguva wa Kwamghimbi, hakufika. Adhabu: siku moja ya kazi, Alhamisi, kusafisha mdomo wa mfereji, itatumikiwa na aliyemleta.

Nilipanda kilimani na tope langu, nikampigia Dk. Nasrin. Nilimwambia kila kitu, chai, mkoba, migomba, sketi, kesi. Nikamalizia, "Kwa hiyo Daktari, kile ulichokikubali si kweli." 

"Mama Veneranda. Tarehe mbili nguva hayupo."

"Hayupo."

"Tarehe kumi na nane yupo. Leo, ishirini na mbili, ana kesi."

"Na ameshindwa," nilisema.

Kisha nikasikia kitu ambacho sikukitarajia kutoka kwa mwanamke yule: alikuwa anacheka, mpaka akaomba radhi, akacheka tena.

"Wengine wote tumewakuta wameshafika," alisema. "Wa Shamu, wa Ulaya, yule wa nyoka. Tunabahatisha tu walivyofika. Wewe unayo mpaka tarehe. Futa zile kurasa nane, andika ilivyotokea, na aibu yako yote iwemo. Ila bila ushahidi ni maneno yako matupu. Nataka picha ya lile daftari, lenye jina lake, na alama kwamba adhabu imetumikiwa. Ukikosa alama hiyo, usinitumie kitu."

Jumatano niliandika kutwa nzima kwenye meza ya Lukia, na Lukia akinisahihisha.

Alhamisi pembe haikupigwa, kwa sababu haikuwa siku ya mtu yeyote ila mmoja. Nilifika na jembe la Yona begani, nimevaa suruali yake safari hii. Nilidhani nitakuta Rogers peke yake. Nilikuta kijiji, kimekaa ukingoni kwenye jua, kimebeba vigoda na makande, kimekuja kuhakikisha sheria inafuatwa. Ndiva ilikuwa imeanza kujaa maji safi ambayo sikuwahi kuyaona vile tangu nikiwa msichana.

Rogers alifungua daftari. Hakutabasamu. Alikohoa, akasimama wima, na kidole kwenye mstari.

"Nguva wa Kwamghimbi!"

Kijiji kizima kikanigeukia. Nikanyoosha mkono kama siku ya kwanza niliyoitwa darasani.

"Nipo!"

Akaweka alama, akapuliza wino ukauke, akatazama saa yake.

"Umechelewa dakika kumi," alisema. "Shuka."